Gemu kwenye Linux: jinsi ya kujua msimamo wa kampuni kabla hujatoa hela, na cha kufanya ikigoma

Wakuu, swali linalorudi kila siku ni hivi gemu fulani inakubali kwenye Linux? Majibu huwa ya kila rangi, huyu anasema kwangu inapiga mzigo bila shida, yule anasema imegoma tangu apdeti ya juzi, na unakuta wote wawili wanasema ukweli. Shida ni kwamba swali lenyewe halitoshi. Unachotakiwa ujue ni nani amebeba jukumu la hiyo gemu kuendelea kufanya kazi kwako mwezi ujao, je ni kampuni iliyoitengeneza, ni Valve (wenye duka la gemu la Steam), au ni bahati yako tu. Ukishajua hilo, mengine humu chini ni kazi ya mikono.

Kampuni zimegawanyika hivi

Kuna zile zilizotoa toleo la Linux kabisa, toleo lao wenyewe. Dota 2, Counter-Strike 2, Factorio, Terraria, Stardew Valley, hizo unaweka na kucheza, na ikiharibika unaenda kuwalalamikia wenyewe na wana wajibu wa kukusikiliza. Zamani kulikuwa na kampuni zinazofanya kazi ya kuhamisha gemu za wengine kuja Linux, Feral Interactive walileta XCOM 2 na Mad Max, Aspyr wakaleta Civilization V na Borderlands 2, ila siku hizi kazi hiyo imepungua sana na sababu ni hili kundi linalofuata.

Kundi la pili ndo kubwa kuliko yote, gemu za Windows zinazopita kwenye Proton, programu inayoziwezesha kuendeshwa kwenye Linux. Proton ilitolewa na Valve Agosti 2018 wakishirikiana na CodeWeavers, na ndani yake kuna Wine ambayo ni mradi wa tangu 1993 wa kuendesha programu za Windows kwenye mifumo kama Linux, kuna DXVK inayogeuza maagizo ya grafiki ya Windows, yaani Direct3D ya 8 mpaka 11, kuwa ya Vulkan ambayo Linux inaielewa, na VKD3D-Proton kwa ajili ya Direct3D 12. Hapa kampuni ya gemu mara nyingi haijafanya chochote, na wengine hata hawajui kwamba gemu yao inachezwa Linux. Wengine wanajua na wanapima, kwa sababu tangu Steam Deck itoke Februari 2022 wana wateja wanaoshika Linux mkononi (Deck ni kompyuta ya mkononi ya Valve ya kuchezea gemu, na ni ya Linux, mfumo wake SteamOS 3 umejengwa juu ya Arch ambayo ni aina ya Linux, hata kama mwenye nayo hana habari).

Na kuna wanaokaa katikati. Larian mwezi Septemba 2025 walitoa toleo la Baldur's Gate 3 linaloendesha moja kwa moja kwenye Steam Deck bila Proton, halafu wakasema wazi kwamba wanasapoti Deck, siyo Linux kwa ujumla. Yaani ukiliendesha kwenye laptopu yako ya Fedora (aina nyingine ya Linux) likakubali, poa, likigoma usiwatafute. Mi naona huo ni msimamo wa haki kuliko wa wale wanaokaa kimya, angalau unajua umesimama wapi.

Kundi la tatu ni waliofunga mlango. Hapo hakuna ujanja, na nitaeleza kwanini baadaye kidogo maana watu wengi wanapoteza wiki nzima wakijaribu kulazimisha kitu ambacho kimezuiwa makusudi.

Kabla hujalipa

Fungua ukurasa wa gemu kwenye Steam, shuka mpaka kwenye mahitaji ya kompyuta. Ukiona kichupo kimeandikwa SteamOS + Linux basi kampuni imetoa toleo la Linux, lakini usishangilie haraka, soma wametaja Ubuntu (nayo ni aina ya Linux) ya mwaka gani. Wakitaja Ubuntu 14.04 au 16.04 kuna uwezekano mkubwa hilo toleo lilitengenezwa zamani na hakuna aliyeligusa tena, unakuta toleo la Windows limeenda mbele kwa apdeti kadhaa huku la Linux limebaki nyuma, na ukitaka kucheza mtandaoni na rafiki yako wa Windows inakataa kwa sababu matoleo hayalingani. Dawa yake ipo na ni rahisi, nitaitaja huko chini.

Hapo hapo tazama upande wa kulia wa ukurasa. Tangu Oktoba 2024 Valve inawalazimisha watengenezaji wanaotumia antichiti (programu ya kukamata wadanganyifu) ya ngazi ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, waseme wazi kwenye ukurasa wa gemu, jina la antichiti na kwamba inaingia kwenye kerneli. Ukiona hilo tangazo, simama. Bado haimaanishi gemu haitakubali, ila usilipe mpaka uhakikishe kwingine.

Kuna pia alama ya Steam Deck, ziko nne: Verified, Playable, Unsupported na Unknown. Bonyeza uone maelezo ya ndani, maana wakati mwingine gemu imepewa Playable kwa sababu tu maandishi ni madogo kwenye kioo cha Deck, jambo ambalo kwako mwenye skrini kubwa halikuhusu hata kidogo. Kwa wasio na Deck, kuanzia 2025 kuna alama nyingine ya SteamOS inayopima kama gemu na lancha yake (programu ya kampuni ya kufungulia gemu) zinafanya kazi, bila kujali kioo wala vitufe. Lakini alama zote hizi ni Valve ndo wanazitoa baada ya kupima. Ni matokeo ya siku ile waliyopima, na kampuni ya gemu haijasaini chochote.

Baada ya hapo nenda ProtonDB, hapo wachezaji wenyewe wanaripoti. Daraja zinaanzia Borked (imekufa kabisa), Bronze, Silver, Gold mpaka Platinum. Kosa la wengi ni kuangalia daraja tu na kuondoka. Daraja ni wastani na linachelewa, gemu inaweza kuwa na Platinum wakati jana imepigwa apdeti ikafa. Soma ripoti za karibuni, tafuta mtu mwenye kadi ya grafiki ya familia kama yako, yaani AMD kwa AMD na Nvidia kwa Nvidia, soma alitumia Proton ya toleo gani na aliandika nini kwenye maagizo ya kuanzishia (Launch Options). Ripoti ya maneno mawili "iko poa" iruke. Ripoti ya mtu anayelalamika kwa urefu huwa ina faida zaidi, huyo amehangaika.

Na kama gemu ni ya mtandaoni, ongeza hatua moja, nenda kwenye tovuti ya Are We Anti-Cheat Yet utafute jina lake. Hali ziko tano. Supported ni kwamba kampuni imeruhusu rasmi, Running inakubali lakini hakuna aliyeahidi kitu, Planned wamesema itakuja, Broken haifanyi kazi, na Denied kampuni imesema hapana. Tofauti ya Supported na Running ndo hasa lile swali la mwanzo. Mimi gemu ya Running siilipii bei kamili, nasubiri punguzo, kwa sababu wakiamua kubadilisha kesho huna wa kumdai. Kununua bila kupitia hapo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanini antichiti ndo kila kitu

Watu wanadhani tatizo la gemu Linux ni grafiki. Hilo lilishakwisha kwa sehemu kubwa, gemu kubwa za mchezaji mmoja siku hizi nyingi zinakubali siku ya kwanza zinapotoka. Kinachobaki ni programu za kukamata wadanganyifu, na hapa ndo utaona uamuzi wa kampuni wazi kabisa.

Mbili zinazotumika sana ni Easy Anti-Cheat na BattlEye. Septemba 2021 zote mbili zilitangaza kwamba zinaweza kufanya kazi ndani ya Proton. Lakini siyo moja kwa moja, kila mtengenezaji wa gemu lazima akubali mwenyewe. Kwa BattlEye anawaambia wamuwashie. Kwa Easy Anti-Cheat anawasha upande wake na kuweka faili la Linux ndani ya gemu. Kwahiyo kama unayo gemu tayari na una wasiwasi, ingia kwenye folda yake utafute folda ya EasyAntiCheat, ukikuta faili linaitwa easyanticheat_x64.so basi kuna mtu pale ofisini kwao aliwahi kufikiria Linux. Ukikuta .dll tu, jiandae kisaikolojia. Siyo uthibitisho wa asilimia mia lakini ni dalili nzuri.

Elden Ring inatumia Easy Anti-Cheat na inachezwa Linux mtandaoni. Fortnite nayo inatumia Easy Anti-Cheat na haichezeki. Na ukumbuke Easy Anti-Cheat ni mali ya Epic wenyewe, walioitengeneza Fortnite! Tim Sweeney, bosi wa Epic, alishasema mwaka 2022 kwamba hawana mpango huo kwa Steam Deck. Kwahiyo mtu akikuambia "Linux haisapoti antichiti" mjibu kwamba teknolojia ile ile iko, kilichotofautiana ni uamuzi.

GTA Online ni mfano mwingine. Rockstar waliongeza BattlEye Septemba 2024, wachezaji wa Linux na Deck wakakatwa siku hiyo hiyo upande wa mtandaoni, wakati hadithi ya mchezaji mmoja inaendelea kukubali mpaka leo. BattlEye inaweza kuwashwa kwa Proton, hawakuiwasha. Apex Legends ilikuwa imeruhusiwa tangu 2022 na alama ya Verified juu, halafu tarehe 31 Oktoba 2024 wakafunga Linux yote wakisema imekuwa njia ya wadanganyifu. Uwe unakubaliana nao au hukubaliani (mi sikubaliani sana, wadanganyifu wa Windows hawajaisha), cha kujifunza ni kwamba hata Supported inaweza kugeuka Denied kwa tangazo la siku moja.

Halafu kuna Vanguard, antichiti ya Riot wenye Valorant na League of Legends. Hii inakaa kwenye kerneli ya Windows yenyewe, na Proton haina kerneli ya Windows, haiigizi hiyo sehemu, kwahiyo hakuna pa kuiweka. Valorant haijawahi kukubali, na League of Legends iliyokuwa inachezwa kwa Wine miaka mingi ilikufa Linux Mei 2024 ilipowekewa Vanguard. Battlefield 6 nayo iko humo na antichiti ya EA. Na kuna hii ya kona ambayo watu wengi hawaijui: Counter-Strike 2 yenyewe iko Linux kabisa, lakini ukitaka kucheza mechi za FACEIT antichiti yao haiendi Linux, kwahiyo gemu unayo na ligi huna.

Usijaribu njia za mkato hapa. Mashine pepe, faili zilizobadilishwa, vijana wa kwenye video wanaosema "pita hapa inakubali", achana nazo. Bungie kwa mfano wameandika wazi kuhusu Destiny 2 kwamba anayejaribu kuzunguka kizuizi cha Steam Deck anafungiwa akaunti. Kama gemu ya aina hii huwezi kuishi bila yake, bakisha sehemu ya Windows kwenye diski na ujue kwamba baadhi, kama hiyo Battlefield 6, zinataka Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka) iwe imewashwa, kwahiyo chagua distro (aina ya Linux) inayokubali kuwaka na Secure Boot kama Ubuntu au Fedora, vinginevyo utakuwa unaingia BIOS kila ukitaka kubadilisha.

Kuandaa mashine

Hapa sitakaa sana. Draiva kwanza. Mwenye AMD au Intel anatumia Mesa, draiva ambayo tayari imo, wewe hakikisha tu distro yako siyo ya kale. Mwenye Nvidia aweke draiva ya Nvidia kupitia distro yake, asiende kushusha faili kwenye tovuti yao na kuliweka kwa mkono, kerneli ikipanda toleo siku moja atawasha akute skrini nyeusi. Ukimaliza andika vulkaninfo --summary kwenye terminali uone kama jina la kadi yako linatokea na Vulkan ni toleo gani. Likitokea jina llvmpipe peke yake, kadi haijaonekana na kila gemu itakwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Hiyo namba ya Vulkan ina maana sana kwa wenye mashine za zamani. Proton kuanzia toleo la 8 inataka Vulkan 1.3, kwahiyo kadi kama za Nvidia GTX za 600 na nyingi za 700 hazifiki hapo. Siyo mwisho wa dunia, chagua Proton 7.0 kwenye gemu husika na nyingi zitakubali. Ikigoma kabisa kwenye gemu za zamani, weka PROTON_USE_WINED3D=1 %command% kwenye sehemu ya maagizo ya kuanzishia, itatumia OpenGL, itakuwa nzito kiasi lakini utacheza.

Steam yenyewe iweke kwa paketi ya kawaida ya distro yako. Kwenye Ubuntu epuka ile ya Snap, tumia ya .deb, hata watu wa Valve wenyewe wamewahi kushauri hivo. Kisha ingia Settings, Compatibility, na kama kuna kitufe cha kuruhusu Steam Play (ndo hiyo Proton) kwa gemu zote kiwashe, kwenye matoleo mapya huwa kimeshawashwa.

Kitu kimoja kinachowaponza wanaotoka Windows: wana diski ya pili yenye gemu zao zote kwenye NTFS (mpangilio wa diski wa Windows), wanaielekeza Steam hapo hapo ili wasishushe upya, gemu inaanza kisha inajifunga bila neno. Proton inatengeneza folda ya Windows ya kuigiza kwa kila gemu, iko steamapps/compatdata na ndani kuna namba ya gemu, na ndani ya hiyo folda kuna majina yenye nukta pacha kama c: ambayo Windows na NTFS hawayapendi. Hamisha gemu kwenye diski yenye mpangilio wa Linux, ext4 au btrfs. Bando litauma kama itabidi ushushe upya, lakini mara nyingi unaweza kunakili folda ya gemu kwenda kwenye diski mpya na Steam ikaikagua tu na kushusha kilichopungua.

Ikigoma

Anza na kitu chepesi. Bonyeza gemu kitufe cha kulia cha mausi, Properties, Compatibility, weka tiki ya kulazimisha, chagua Proton Experimental. Ikishindikana, rudi kwenye Proton ya namba, ile ya kawaida. Ikishindikana tena, weka Proton-GE ambayo inatengenezwa na mtu wa jumuiya anayejulikana kama GloriousEggroll, unaishusha kirahisi kwa kutumia ProtonUp-Qt au ProtonPlus, unazima na kuwasha Steam, inatokea kwenye orodha. Na hii ndo ile dawa niliyoahidi: gemu yenye toleo la Linux lililosahaulika, lazimisha Proton hapo hapo, Steam itashusha toleo la Windows na mara nyingi linaenda vizuri kuliko lile la Linux. Angalia tu faili zako za kuendelea na mchezo kabla, maana toleo la Linux na la Windows huwa zinahifadhi sehemu tofauti na siyo zote zinazokutana kwenye hifadhi ya Steam ya mtandaoni.

Tahadhari kwenye kubadilisha badilisha Proton: kama gemu ina Denuvo (kinga dhidi ya nakala haramu), kila toleo jipya la Proton inaliona kama kompyuta nyingine, ukibadilisha mara nyingi kwa siku moja inakufungia nje mpaka muda upite. Hapo unakuta mtu analia kwamba Linux imeharibu gemu yake, kumbe amejaribu Proton nyingi mfululizo ndani ya saa moja. Kwa gemu za namna hiyo soma ripoti kwanza, chagua moja, tulia nayo.

Gemu inafunguka vizuri, muziki unasikika, inafika kwenye video ya mwanzo wa hadithi, na badala ya video unaona mistari ya rangi imesimama wima, ile picha ya kupimia televisheni, inakaa hivo mpaka video ingeisha kisha gemu inaendelea kama kawaida. Hiyo siyo draiva wala kadi mbovu. Video imefungwa kwa kodeki (njia ya kubana video) yenye hati miliki ambayo Valve hawawezi kuigawa ndani ya Proton, kwahiyo wao huwa wanaigeuza video hiyo kwenye seva zao na kuituma pamoja na data za gemu, na kwa gemu mpya au isiyo na wachezaji wengi inakuwa bado haijageuzwa. Tumia Proton-GE, yenyewe ina kodeki zaidi. Na kama gemu umenunua nje ya Steam, hiyo huduma ya kugeuziwa video huna, kwahiyo anza na GE moja kwa moja.

Gemu kubwa inajifunga katikati ya kupakia ramani? Andika sysctl vm.max_map_count. Ikikuletea 65530 ndo tatizo lenyewe huenda, hiyo ni namba ya zamani na gemu nzito zinaipita. Ubuntu 24.04 na Fedora 39 walishaipandisha mpaka 1048576, kama distro yako bado, iweke mwenyewe kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d.

Na kama haieleweki kabisa, weka PROTON_LOG=1 %command%, washa gemu, iache ife, halafu nenda kwenye folda yako ya nyumbani utakuta faili linaanza na steam- na namba ya gemu. Ni refu na linatisha. Usilisome lote, tafuta neno err: ukianzia chini kwenda juu. Mstari wenye err:module:import_dll unakuambia jina la maktaba iliyokosekana, na hilo jina ukilitafuta pamoja na jina la gemu mara nyingi unakuta mtu alishapata jibu. Kabla ya kupost popote ujue hilo faili lina jina lako la mtumiaji kwenye njia za folda, futa hilo jina kwanza.

Gemu za mtandaoni za Easy Anti-Cheat au BattlEye zina kitu chao cha ziada, lazima kwenye maktaba ya Steam sehemu ya Tools uwe na Proton EasyAntiCheat Runtime au Proton BattlEye Runtime. Kawaida inashuka yenyewe. Ukitolewa nje ya seva ilhali wenzako wa Linux wanacheza, angalia hapo kwanza.

Nje ya Steam

Epic hawana programu ya Linux, na GOG Galaxy nayo haiko Linux japo GOG wanauza baadhi ya gemu zenye faili za kuinstali za Linux. Tumia Heroic, inaingia kwenye akaunti za Epic, GOG na Amazon na inatumia Proton ile ile. Kwa vilivyobaki kuna Lutris na Bottles. Lancha za kampuni, kama ya EA na ya Ubisoft, zinakubali ila ndo zinazokufa mara nyingi kuliko gemu zenyewe, ikitokea lancha imepiga apdeti na kugoma, futa ile folda ya compatdata ya hiyo gemu (hifadhi faili za mchezo wako kwanza!) na uache ijijenge upya.

Kuwaandikia kampuni ili wakusikie

Hapa wengi tunaharibu. Kuandika kwa hasira "leteni Linux" hakusaidii, anayepokea ni mtu wa huduma kwa wateja, hana kitufe cha kuwasha. Kwanza angalia tatizo ni la nani. Gemu ya Windows isiyo na ahadi yoyote ikigoma kwenye Proton, ripoti yako ipeleke kwenye ukurasa wa Proton kule GitHub, kila gemu ina mada yake moja, weka logi na taarifa za mashine ambazo unazipata Steam kwenye Help, System Information. Watengenezaji wa Proton wanasoma na wanarekebisha.

Kampuni waandikie pale kitu kiko mikononi mwao tu, na kiwe kimoja. Gemu inatumia BattlEye, inafunguka vizuri kwenye Proton mpaka kwenye menyu, inakataa kuingia kwenye seva tu: waambie hivo hivo, kwamba kinachohitajika ni kuomba BattlEye wawawashie Proton, hakuna kuandika toleo jipya, na taja umecheza kwa masaa mangapi na umenunua nyongeza gani. Au lancha yao mpya imeua gemu: taja tarehe ya apdeti na toleo la mwisho lililokubali. Ukijua gemu iko Deck pia, sema "Steam Deck" kwenye kichwa cha ujumbe. Najua una kompyuta ya mezani, lakini Deck wanayo kwenye orodha yao ya vifaa vya kupima na Linux hawana, na ukirekebishiwa Deck na wewe umo. Linux yote kwenye takwimu za Steam ilivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza Oktoba 2025, kwahiyo usitegemee wakuhesabu kama umati.

Toleo la Linux likiondolewa ulishanunua

Hili limetokea na lina utaratibu wake. Facepunch walipoacha toleo la Linux la Rust mwaka 2019 walirudisha hela kwa walioomba. Psyonix walipokata Linux na Mac kwenye Rocket League Machi 2020 ikawa vile vile, hata kwa waliokuwa wamecheza muda mrefu. Kanuni ya kawaida ya Steam ni siku 14 tangu ununue na chini ya saa 2 za kucheza, lakini kampuni ikiondoa kitu ilichokuuzia omba hata ukiwa umepita, weka kwenye sababu kiungo cha tangazo lao na tarehe, na kama mashine ya Steam inakataa kwa sababu ya masaa, tuma tena kwa maelezo. Kwa gemu ya Proton ambayo haikuwahi kuahidi chochote usitegemee huruma hiyo, kwahiyo hizo ukinunua zijaribu siku hiyo hiyo, ingia mpaka kwenye seva, cheza mechi moja kamili, na uamuzi wa kubaki nayo ufanye kabla saa 2 hazijaisha, na ukumbuke muda wa kukaa kwenye lancha nao unahesabiwa.